Mnyororo na Mzabibu: Mpangilio wa Wokovu na Muungano na Kristo kama Suala la Usimulizi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuichukulia teolojia kama chemchemi ya maudhui. Dhambi, sadaka, msamaha na ukombozi huchotwa humo na watunzi, nasi huyafuatilia katika riwaya, tamthilia na tenzi zao. Ni mara chache tunapoligeuza swali na kuuliza: je, teolojia yenyewe imetegemea mbinu za fasihi kwa kiasi gani katika kuyaunda mafundisho yake? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea fundisho moja la Kikristo, nalo ni lile linalohusu mpangilio wa wokovu na uhusiano wake na muungano wa mwamini na Kristo.

Kwa mpangilio wa wokovu tunakusudia utaratibu ambao kwao wanateolojia wameeleza jinsi neema inavyomfikia mtu: kuitwa, kuzaliwa upya, kuamini na kutubu, kuhesabiwa haki, kufanywa mwana, kutakaswa, kudumu hadi mwisho, na hatimaye kutukuzwa. Jina la Kilatini la utaratibu huo, ordo salutis, lilienezwa na wanateolojia wa Kilutheri wa Ujerumani katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, wakiwamo Franz Buddeus na Jakob Carpov, ingawa jambo lenyewe ni la kale zaidi ya jina. Kwa muungano na Kristo tunakusudia fundisho kwamba mwamini ameunganishwa na Kristo mwenyewe, hata yaliyo ya Kristo yakawa yake.

Tunashikilia kwamba mafundisho haya mawili yametawaliwa na sitiari mbili tofauti. La kwanza limeegemea mnyororo: pete baada ya pete, tukio baada ya tukio. La pili limeegemea mzabibu wa sura ya 15 ya Injili ya Yohana, pamoja na taswira za Paulo za mwili na kichwa, na za mume na mke. Mnyororo ni sitiari ya wakati. Mzabibu ni sitiari ya mahali na ya kumilikiwa. Tawi haliulizwi lilianza siku gani kunyonya utomvu. Huulizwa kama limeshikamana na shina. Tutajaribu kuonyesha kwamba mnyororo ukitawala peke yake, mwamini hulazimika kuuthibitisha wokovu wake kwa kuusimulia, na asiyekuwa na msuko wa kusimulia huonekana kana kwamba hana wokovu.

Sura ya nane ya Warumi

Chimbuko la mnyororo ni Warumi 8:29-30, ambapo Paulo anataja vitendo vya Mungu kwa mfuatano: kujua tangu asili, kuchagua, kuita, kuhesabia haki na kutukuza. Kila kitenzi kinarudiwa ili kiwe mwanzo wa kauli inayofuata, na ni urudiaji huo uliowafanya wasomaji waone pete zilizoshikana. Hata hivyo, yafaa kutambua mambo matatu.

Kwanza, orodha hiyo si kamili. Utakaso, ambao baadaye ulipewa nafasi kubwa katika kila mpangilio, haumo. Pili, vitenzi vyote vimewekwa katika wakati uliopita, kukiwamo kile cha kutukuza, ilhali Paulo na wasomaji wake walikuwa wangali hai na katika dhiki. Mfuatano huo, basi, hauwezi kuwa kalenda ya maisha ya mtu. Unatazama kazi ya Mungu kwa ujumla wake, kana kwamba imekwisha. Tatu, mnyororo huo umezungukwa. Sura inaanza kwa kuwataja walio katika Kristo Yesu na kumalizika, katika aya ya 39, kwa upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu. Mfuatano wa wakati umewekwa katikati ya kauli mbili za mahali.

Hapa Kiswahili kina ushahidi wake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, walivieleza vitenzi vya kuita, kuhesabia haki na kutukuza kwa kiambishi -ka-. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba -ka- ni kiambishi cha msimulizi. Hicho ndicho kinachoisukuma hadithi mbele: alitoka, akaenda, akarudi. Kitenzi cha Kigiriki kinachofasiriwa hapo hakina lazima ya kuonyesha kwamba tendo moja lilisubiri jingine lipite. Hatusemi kwamba wafasiri walikosa, kwa kuwa ufasiri wao unaafikiana na kanuni za lugha na urudiaji wa Paulo wenyewe unaelekea huko. Tunasema tu kwamba msomaji wa Kiswahili anaipokea aya hiyo ikiwa tayari imevaa vazi la hadithi.

Upande wa pili nao haukusahauliwa. Wafasiri hao hao walitumia katika Kristo katika Warumi 8:1 na ndani ya Kristo katika 2 Wakorintho 5:17. Katika chaweza kubeba maana ya hali, jambo au mahali. Ndani ya hakimwachi msomaji na shaka kwamba kuna kuingia na kukaa. Adolf Deissmann alitoa utafiti mzima juu ya kauli hiyo ndogo ya Kigiriki mwaka 1892, akidai kwamba Paulo aliitumia kwa maana inayokaribia ile ya mahali, kama mtu anavyokuwa ndani ya hewa anayoivuta. Mjadala huo ungali wazi, lakini umetufundisha kwamba kihusishi kimoja chaweza kubeba mzigo ambao orodha nzima ya vitenzi haiubebi.

Kutoka Calvin hadi Perkins

Wanamageuzi wa karne ya 16 walizifahamu sitiari zote mbili. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, alieleza kuhesabiwa haki kwa taswira ya ndoa: bibi arusi fukara anachukua mali ya mumewe, na mume anachukua madeni ya mkewe. John Calvin alikwenda mbali zaidi katika toleo la mwisho la Institutio, la mwaka 1559. Kitabu cha tatu cha kazi hiyo kinafungua kwa hoja kwamba maadamu Kristo yuko nje yetu, yote aliyoyatenda kwa ajili ya wanadamu hayatufai kitu. Kutokana na muungano huo, ambao ni kazi ya Roho, mwamini hupata neema mbili kwa pamoja: kuhesabiwa haki na kufanywa upya.

Mhakiki anayeangalia muundo atagundua kwamba Calvin hakuufuata mnyororo wa Warumi katika kupanga sura zake. Anaeleza imani, kisha toba na maisha ya Mkristo, na ndipo anapofikia kuhesabiwa haki katika sura ya 11. Sala inakuja katika sura ya 20, na uteule wa Mungu, ambao kwa Paulo ni pete ya awali, unangoja hadi sura ya 21. Mpangilio huo ungekuwa fujo kama sitiari yake ingekuwa mnyororo. Kwa kuwa neema zote zimetoka katika shina moja, mwandishi anaweza kuanza na tawi lolote.

Haifai, hata hivyo, kuudharau mpangilio. Wakati huo kulikuwa na hatari halisi kwamba muungano ungemeza kila tofauti. Andreas Osiander alifundisha, mnamo miaka ya 1550, kwamba mwamini ana haki kwa sababu uungu wa Kristo unakaa ndani yake. Calvin alimjibu kwa ukali katika toleo hilo la 1559. Mtaguso wa Trento ulikuwa umekwisha kutoa tamko lake juu ya kuhesabiwa haki mwezi Januari 1547, na ndani yake kuhesabiwa haki na kutakaswa vilifungamanishwa. Waprotestanti waliona kwamba mambo hayo yakichanganywa, mtu aliye kitandani akingoja kufa ataanza kuyapima matendo yake ili ajue kama Mungu amempokea. Kuitanguliza hukumu ya msamaha mbele ya utakaso kulikuwa, kwao, ni kumlinda mnyonge. Mpangilio ulizaliwa na huruma kabla ya kuwa mzigo.

Uliwezaje basi kuwa mzigo? Sehemu ya jibu, kwa maoni yetu, imo katika historia ya ukurasa uliopigwa chapa. Theodore Beza alichapisha jedwali la uteule mwaka 1555. William Perkins, mwalimu wa Cambridge, aliendeleza mbinu hiyo katika Armilla Aurea ya mwaka 1590, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka uliofuata kwa jina lenye maana ya Mnyororo wa Dhahabu. Ndani yake mna mchoro ambao msomaji angeweza kuufuata kwa kidole: juu ni Mungu, upande mmoja ni hatua za wanaookolewa, upande wa pili ni hatua za wanaopotea. Ni haki kukumbuka kwamba Perkins hakumsahau Kristo. Katikati ya mchoro aliweka safu ya kazi za Kristo, na kutoka safu hiyo akavuta mistari hadi kwenye hatua za mwamini. Lakini mistari haisomeki kwa sauti. Mhubiri anayelifafanua jedwali mimbarini huzitaja hatua, moja baada ya nyingine, na ile mistari inayozifunga kwa Kristo hubaki kitabuni. Isitoshe, jedwali lenye pande mbili humwalika kila alitazamaye ajitafute: mimi niko upande gani, na nimefika wapi?

Kwamba swali hilo liliwatesa watu tunalijua kwa sababu Perkins mwenyewe alilazimika kulijibu. Mwaka 1597 alitoa kijitabu kilichotumia mfano wa punje ya haradali, kuonyesha kiwango kidogo kabisa cha neema kinachotosha kwa wokovu. Mwandishi wa mnyororo aliwaona wasomaji wake wakihesabu pete, akawaletea mbegu. Nalo Ungamo la Westminster la miaka ya 1640 liliipanga misaada ya neema sura kwa sura, kuanzia kuitwa katika sura ya 10 hadi uhakika wa wokovu katika sura ya 18, ilhali Katekisimu Kubwa ya mkutano huo huo ilizikusanya baraka hizo chini ya muungano na ushirika na Kristo. Sitiari zote mbili zilitoka katika chumba kimoja.

Bunyan: ramani na safari

Hakuna mwandishi anayeudhihirisha mvutano huu kama John Bunyan (1628-1688), fundi wa vyombo vya bati aliyefungwa katika gereza la Bedford kuanzia mwaka 1660 hadi 1672 kwa sababu ya kuhubiri. Katika miaka hiyo ya 1660 alichora ramani yake mwenyewe ya wokovu na upotevu, kwa kufuata mapokeo ya Beza na Perkins. Mwaka 1678 alichapisha The Pilgrim's Progress, ambapo ramani iligeuka safari. Kazi hiyo imesomwa mara nyingi kama mpangilio wa wokovu uliotiwa miguu. Sisi tunaona kwamba hadithi ilimshinda mchora ramani.

Angalia msafiri mkuu, Mkristo. Anapita katika mlango mwembamba, anaingia nyumba ya Mfasiri, na ni baada ya hapo tu anapofika msalabani na mzigo wake ukamwanguka. Mhubiri Charles Spurgeon, katika karne ya 19, alilalamika kwamba Bunyan amechelewesha jambo ambalo lilipaswa kuwa mlangoni. Lalamiko hilo ni la mtu anayesoma hadithi kwa kuilinganisha na orodha. Bunyan alijua kutokana na maisha yake kwamba mtu aweza kupokewa mlangoni na bado akaubeba mzigo.

Wasafiri wengine wanaivuruga ramani zaidi. Mwaminifu hakutumbukia katika kinamasi cha kukata tamaa, na majaribu yake si yale ya mwenzake. Tumaini anaanza safari katika mji wa Ubatili, baada ya Mwaminifu kuuawa. Ule mlango, ile nyumba na ule msalaba wa njiani hasimuliwi popote kuvipita. Hata hivyo anavuka mto na kuingia mjini. Ujinga, kwa upande mwingine, anahukumiwa, na mojawapo ya makosa yake ni kuingia njiani kwa kichochoro badala ya mlango. Msomaji anayetafuta kanuni ya hatua atasema kwamba Bunyan anajipinga. Lakini tofauti baina ya Tumaini na Ujinga haimo katika vituo walivyopitia. Katika mazungumzo yao marefu, Tumaini anaegemea haki ya Kristo, na Ujinga anaegemea moyo wake mwenyewe.

Sehemu ya pili, ya mwaka 1684, inaupanua msuko kiasi cha kuubadilisha. Mke wa Mkristo, Christiana, ameitwa kwa barua. Jirani yake Rehema hana barua. Anafuatana naye kwa mapenzi tu, akihofu kwamba hakualikwa. Anaachwa nje ya mlango, anabisha kwa nguvu, na kuzimia kwa woga kabla ya kuinuliwa na kuingizwa. Kwa lugha ya mnyororo, Rehema amekosa pete ya kuitwa, au angalau hawezi kuionyesha. Mwenye mlango hamdai. Baadaye kundi linaongezeka: mwenye moyo dhaifu, mwenye kuchechemea kwa magongo, mzee wa huzuni na bintiye mwoga. Hawa hawana ushujaa wa kusimulia. Wanakwenda kwa mwendo wa aliye mnyonge kuliko wote, chini ya kiongozi mmoja, na wote wanafika. Safari ya mtu mmoja imekuwa safari ya mwili mmoja.

Mtu aweza kuuliza Bunyan aliupata wapi ujasiri huo. Jibu limo katika tawasifu yake ya kiroho, Grace Abounding, ya mwaka 1666. Baada ya kurasa nyingi za kuyumba kati ya faraja na hofu, anasimulia jinsi alivyotambulikiwa, akipita kondeni, kwamba haki yake iko mbinguni, yaani ni Kristo mwenyewe, na kwamba hali njema ya moyo wake haiwezi kuiongeza wala hali mbaya kuipunguza. Mara baada ya hapo anaeleza jinsi alivyoongozwa kuielewa siri ya muungano na Mwana wa Mungu: yeye yuko duniani kwa mwili, na yuko mbinguni kwa kichwa chake. Ni jambo la kuzingatia kwamba mtaalamu huyu wa safari alipata pumziko katika sitiari isiyo ya safari. Hakuambiwa amefika hatua gani; aliambiwa yuko wapi.

Karne ya ishirini

Mjadala wa karne ya 20 tutaupitia kwa ufupi. Albert Schweitzer, katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu Paulo, alidai kwamba fundisho la kuhesabiwa haki ni kreta ndogo iliyofanyika ndani ya kreta kubwa ya kuwa ndani ya Kristo. Wanateolojia wa mapokeo ya Calvin hawakukubali kulipunguza fundisho hilo kiasi hicho, lakini nao walirudi kwenye muungano. John Murray, profesa wa Philadelphia, anatoa mfano unaomvutia mhakiki. Katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya ukombozi uliotimizwa na unaotumika kwa mwamini, alipanga sura kwa kufuata mpangilio: kuitwa, kuzaliwa upya, imani na toba, kuhesabiwa haki, kufanywa wana, utakaso, kudumu. Ndipo, karibu na mwisho kabisa, akaweka sura ya muungano na Kristo, na humo akatangaza kwamba muungano ndio kiini cha fundisho lote la wokovu. Kiini kimewekwa pembeni. Murray alilifahamu tatizo hilo, na kitabu chake kinatuonyesha kwamba fani ya orodha haina mahali pa kukiweka kitu ambacho kiko katika kila kipengele chake.

Ushuhuda katika Afrika Mashariki

Historia hii inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kazi ya Bunyan ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyofasiriwa zaidi na wamishenari. Isabel Hofmeyr, katika utafiti wake wa mwaka 2004, ameonyesha kwamba ilitolewa kwa takriban lugha 80 za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Pili, na muhimu zaidi, mpangilio wa wokovu ulipata fani yake ya kwetu katika ushuhuda.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulitokana na mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church mjini Kampala mwaka 1929, ukakua huko Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kufika Kenya mwaka 1937. Wafuasi wake nchini Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Fani yao kuu haikuwa mahubiri bali masimulizi: maisha ya awali, kuguswa na dhambi, siku ya kuokoka, na mwenendo wa sasa. Fani hiyo ina jadi ndefu. John Wesley aliiandika siku yake, tarehe 24 Mei 1738, pamoja na saa yenyewe, yapata robo kabla ya saa tatu usiku. Lakini mikononi mwa Waafrika ushuhuda ulipata kazi mpya. Mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma alisimama mbele ya askofu na kusimulia nafsi yake kwa wakati nafsi ya kwanza, na wote wakamsikiliza. Mipaka ya kabila na rangi ilitikiswa na masimulizi hayo. Fasihi simulizi yetu haijaifanyia fani hii haki inayoistahili.

Pamoja na sifa hizo, ushuhuda uliirithi hatari ya mnyororo. Swali la umeokoka lini linadai tarehe. Mtoto aliyelelewa katika sala tangu kifuani mwa mamaye, ambaye hakumbuki siku asiyoamini, hana jibu. Wala hana jibu yule anayeanguka na kuinuka mara nyingi hata asijue kuinuka kupi ndiko kulikokuwa kwa kwanza. Watu hao hujifunza upesi kuazima msuko wa wengine, na hapo ndipo ushuhuda unapogeuka desturi ya maneno. Uamsho wenyewe ulikuwa na dawa yake: ndugu walisisitiza kutembea katika nuru, yaani kutubu kila siku na kushirikiana kila siku, na huko ni kukaa zaidi kuliko kufika. Dawa hiyo haikushika nafasi ya tarehe katika masikio ya wengi.

John Mbiti, katika utafiti wake wa mwaka 1971 juu ya Wakamba, alihoji mafundisho ya kimishenari yaliyoweka tumaini la Mkristo kwenye mstari wa wakati unaonyooka kuelekea mbele. Mjadala kuhusu maelezo yake ya wakati wa Kiafrika ni mkubwa na hatutauingilia. Inatosha kusema kwamba aliona kwamba namna ya kuupanga wakati si chombo kitupu: hubeba fundisho, na pengine hulipotosha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpangilio wa wokovu na muungano na Kristo havigombani kwa asili. Paulo aliviweka katika sura moja, Calvin alivieleza kwa kalamu moja, na hata mchoro wa Perkins ulikuwa na mistari ya kuviunganisha. Ugomvi hutokea pale ambapo sitiari ya wakati inapoachwa kutawala peke yake, ama kwa mahitaji ya ufundishaji, ama kwa umbo la ukurasa, ama kwa mazoea ya usimulizi. Mpangilio una kazi yake halali ya kumzuia mtu asichukulie msamaha kuwa ujira. Lakini hauwezi kuwa kipimo cha nani yumo na nani hayumo.

Kwa mhakiki wa fasihi kuna funzo la ziada. Tumezoea kuusifu msuko kwa kuyapa maisha umbo. Historia hii inatukumbusha kwamba msuko waweza pia kuwanyima watu nafasi, kwa kuwa si kila maisha yana mwanzo unaojulikana, upeo na mshuko. Ingefaa ushuhuda wa makanisani mwetu ukusanywe na kuchunguzwa kwa makini ya kifasihi, pamoja na kimya cha wale ambao hawakuwahi kusimama kuutoa. Rehema wa Bunyan hakuwa na barua ya kuonyesha mlangoni, lakini alishikwa mkono na kuingizwa.